Oksimita imeandika 93, sasa? Jinsi ya kusoma oksijeni ya damu nyumbani bila kupaniki na bila kujidanganya

Saa nane usiku simu inaita, mama mdogo, sauti imemkauka: "Mwanangu, oksijeni ya baba yako mdogo ni 86, ndo anatuacha huyu?" Nikamuuliza kwani baba mdogo anafanya nini saa hizi, akasema amekaa kitandani anagomba nani kachukua miwani yake. Nikamwambia mama piga picha hiyo mashine unitumie. Picha ikaja, naiangalia, maandishi yote yako kichwa chini miguu juu, nikaigeuza simu: 98. Alikuwa amekaa mkabala na mgonjwa akawa anaisoma upande wa kwake. Kwenye ile skrini ya namba za vijiti vijiti, 98 ukiigeuza inakuwa 86 safi kabisa huwezi kushtukia, na ubaya zaidi ni kwamba 86 nayo ukiigeuza inakuwa 98, yani unaweza ukampa hongera mtu ambaye alitakiwa awe kwenye gari anakimbizwa hospitali. Kwa hiyo kabla ya namba, soma herufi. Herufi zikiwa zimekaa sawa ndo usome namba.

Nimeanzia hapo makusudi. Watu wengi wanaamini ugumu wa oksimita, hiki kimashine cha kibanio kinachovishwa kidoleni, ni kujua namba ipi ni mbaya, hiyo wala sio kazi, unaikariri kwa dakika moja. Kazi ni kujua kama namba uliyoiona ni ya kweli. Mimi sio daktari, nimeuguza tu mgonjwa wa mapafu nyumbani kwa muda mrefu, na usiku karibu wote tuliokimbizana ilikuwa ama tumepima vibaya tukaamini, ama tumepima vizuri tukakataa kuamini.

Namba zenyewe

Kwenye kioo kuna namba mbili. Yenye %SpO2 ndo oksijeni. Yenye PR, au bpm, au kachoro ka moyo, ni mapigo ya moyo kwa dakika. Hizi zinachanganywa kila siku, mtu anakwambia oksijeni yangu leo 112, hapana bana, oksijeni haivuki 100 hata iweje, hayo ni mapigo. Na kuna anayeona mapigo yake 72 anadhani ni oksijeni anaanza kuaga watoto.

Asilimia hiyo ni ya nini sasa. Ndani ya seli nyekundu za damu kuna himoglobini, ndo mbebaji wa oksijeni, kila molekuli moja ina nafasi nne. Ichukulie kama basi lenye viti. SpO2 inakwambia katika viti vilivyopo vingapi vimekaliwa, 97 maana yake karibu viti vyote vina abiria. Ila haikwambii una mabasi mangapi! Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 99 huku akipanda ngazi chache tu anahema, mabasi machache ila yote yamejaa, mashine inafurahi mwili unalia njaa. Na haikwambii kabisa kama kabonidayoksaidi, ile hewa chafu, inatoka vizuri, wala haipimi mtu anapumua kwa shida kiasi gani. Mtu wa pumu anaweza kuwa kwenye shambulio linalozidi kupamba moto na bado namba ikawa nzuri kwa muda kwa sababu anajikamua kwa nguvu zote. Hilo nitalirudia huko mbele.

Inavyofanya kazi nitaeleza kidogo, manake ukielewa hapa huhitaji kukariri masharti. Upande mmoja wa kibanio kuna vitaa viwili, kimoja chekundu unakiona, kingine ni infraredi macho hayakioni, upande wa pili kuna kitu kinachopokea mwanga uliopenya kidole. Damu yenye oksijeni na damu isiyo na oksijeni zinameza hizo taa mbili kwa viwango tofauti. Tatizo mwanga unamezwa pia na ngozi, nyama, mfupa na kucha, utajuaje kipi ni kipi? Injinia mmoja wa Japani, Takuo Aoyagi, ndo alikuja na ujanja wake mwaka 1974: ngozi na mfupa havidundi, damu ya kwenye ateri (mishipa inayotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini) inadunda, basi angalia kile tu kinachopanda na kushuka pamoja na moyo, vingine vyote vitoe kwenye hesabu. Kwa hiyo kitu ambacho mashine inakitafuta ni mdundo. Kidole kikiwa cha baridi mishipa imejikunja mdundo hakuna, mkono ukitikisika mashine inauchukua mtikiso kama mdundo, na rangi ya kucha inameza mwanga kabla haujafika popote. Ukiona namba ya ajabu, swali la kwanza ni hilo hilo, je mdundo imeupata?

Kupima

Kaa kwenye kiti, egemea, pumzika kama dakika tano hivi. Usipime mtu ametoka tu chooni, au amemaliza kukohoa mpaka machozi, au mmetoka kugombana. Kucha moja angalau iwe safi, rangi nyeusi na bluu na kijani ndo wasumbufu zaidi, kucha za bandia pia, na hina iliyokolea sana. Kama mikono ni baridi isugue au ioshe kwa maji ya uvuguvugu uikaushe. Mimi mwenyewe nimewahi kujipima nikitoka kufua na maji ya baridi nikapata 88, nikakaa nikanywa chai nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nikapima tena, 97.

Tumia kidole cha kati au cha shahada, kiingie mpaka mwisho, kucha ielekee juu kule kwenye kioo (mashine nyingi ndo zilivyo, angalia kachoro kake). Kisha laza mkono kifuani, usawa wa moyo, tulia, usiongee. Kama uko sehemu yenye jua kali au taa kali funika kidole na kanga au shati kwa sababu mwanga wa nje unaingia unaharibu. Na usiweke mkono huo huo unaopimwa presha, ule mkanda ukibana damu haifiki kidoleni na utapiga kelele bure.

Halafu subiri. Hapa ndo wengi wanaharibu, namba ya kwanza inayotokea wanaiamini, kumbe mashine bado inatafuta. Iache kama dakika nzima. Itacheza, 91, 94, 95, 96, 96, 96. Ikikaa bila kubadilika kwa sekunde tano hivi ndo hiyo unaandika. Kama inarukaruka tu 84, 93, 79, 90, hiyo sio oksijeni inayorukaruka, ni mashine imepotea, badilisha kidole au mkono uanze upya.

Kuna njia ya kuikagua ambayo naona watu hawaitumii na ndo nzuri kuliko zote. Wakati mashine iko kwenye kidole cha kushoto, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 30 zidisha kwa mbili. Umepata 80 na mashine inasema PR 78, 82, hapo sawa, mdundo imeupata, na oksijeni yake ina nafasi nzuri ya kuwa kweli. Umepata 80 mashine inasema 43 au 140, basi hata oksijeni itupe, mashine haijui inaangalia nini. (Mwenye moyo unaodunda bila mpangilio njia hii itamsumbua, huyo aonyeshwe na nesi wake.) Mashine nyingine zina namba ya tatu inaitwa PI, hiyo inaonyesha mdundo una nguvu kiasi gani, mimi ikiwa chini ya 1 napasha mkono moto kwanza kabla sijaanza kuongea na mtu yeyote.

Sasa namba ngapi ni ngapi

Mtu mzima mzima wa afya, anayeishi sehemu isiyo ya mwinuko mkubwa, anasoma 95 mpaka 100. Kupata 96 badala ya 99 sio ugonjwa, wala hakuna zawadi ya 100. Mashine zenyewe, hata zile nzuri, zinaruhusiwa kukosea asilimia mbili tatu juu au chini, kwa hiyo asubuhi 97 mchana 95 jioni 96 ni kitu kile kile kimoja. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari Februari 2021 ikafafanua hivi: mashine ikisema 90, oksijeni halisi kwenye ateri inaweza kuwa popote kati ya 86 na 94. Hiyo ni mashine zilizokaguliwa, sasa fikiria zile zinazouzwa bila hata jina la aliyetengeneza.

93 au 94: pima tena vizuri kwa masharti yote hapo juu baada ya nusu saa hivi. Kama inabaki hapo hapo na kawaida yako sio hiyo, mpigie daktari siku hiyo hiyo, usisubiri wiki iishe. 92 kushuka chini ukiwa umetulia na umepima vizuri, nenda hospitali, sasa hivi. Chini ya 90 ni dharura, usiendeshe gari mwenyewe, mtu akupeleke au ita gari la wagonjwa.

Kwanini 90 inaogopwa hivyo wakati kwenye mtihani 90 ni A? Kwa sababu himoglobini haiachii oksijeni sawasawa. Huko juu ni kama uwanja tambarare, presha ya oksijeni kwenye damu inaweza kushuka kutoka kama 100 hadi kama 60 (hizi ni za presha, mmHg, sio asilimia) na SpO2 ikatoka tu 98 ikafika 90, yani mwili umeshapoteza sana ila namba inaonyesha kidogo. Ukishavuka 90 kwenda chini uwanja umeisha, ni mteremko mkali, mapafu yakizidi kuchoka kidogo tu namba inaporomoka. Ndo maana anayesema "ngoja tuone ikifika 85 tutaenda" anakuwa hajui amesimama wapi.

Kuna watu wenye namba zao tofauti. Wanaoishi kwenye mwinuko mkubwa, mita 2,500 na zaidi, wanasoma chini na wako salama, miili imezoea. Na wenye ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoitwa COPD, baadhi yao daktari anawaambia walenge 88 hadi 92, na kwao oksijeni nyingi kupita hapo inaweza kuwadhuru kwa kufanya kabonidayoksaidi irundikane. Kama nyumbani kuna mtungi au mashine ya oksijeni usipandishe kipimo kwa sababu umeona 91 ukaona aibu, fuata namba uliyoandikiwa. Na kama hujaandikiwa lengo uliza, hilo ni swali la nusu dakika pale kliniki.

Pale inapokudanganya kwa uzuri

Namba ya chini ya uongo inakusumbua tu. Namba ya juu ya uongo ndo inaua, kwa hiyo hapa soma taratibu.

Ya kwanza ni ngozi nyeusi. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa matokeo ya kulinganisha mashine za kidoleni na damu iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye ateri. Katika vipimo ambavyo mashine ilisema 92 hadi 96, kwa wagonjwa weusi kama 12 katika kila 100 damu halisi ilikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa kama 4 katika 100. Mara tatu! Sio kwamba mapafu yetu ni tofauti, ni mwanga unavyopita kwenye rangi ya ngozi na jinsi mashine zilivyopimwa zaidi kwa watu weupe zilipokuwa zinatengenezwa. Kwa hiyo kama ngozi yako ni nyeusi, 93 yako na hujisikii vizuri usiipe nafasi ya kukufariji, ichukulie kama inaweza kuwa 90 au chini zaidi. Na ukifika hospitali ukaambiwa "namba yako mbona nzuri" wakati wewe huwezi hata kumaliza sentensi, omba kwa heshima kipimo cha damu ya ateri.

Ya pili ni moshi. Hewa ya kaboni monoksaidi, ile inayotoka kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, au jenereta, au gari limewashwa gereji, inakalia viti vya himoglobini kuliko hata oksijeni yenyewe, na mashine ya kawaida haiwezi kutofautisha abiria huyu na yule. Utaona 98, 99, na mtu anakufa. Wote ndani kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na kuna moto unawaka: usipoteze hata sekunde kutafuta oksimita, tokeni nje kwanza halafu hospitali.

Mwangalie mtu

Wakati wa Covid tuliona kitu cha ajabu upande wa pili, mgonjwa anasoma themanini na kitu, kapimwa vizuri, na anachati kwenye simu hana habari. Kwa hiyo namba mbaya iliyopimwa vizuri usiipuuze eti "mbona anaongea vizuri". Na mtu anayehema vibaya usimpuuze eti "mbona namba nzuri". Kati ya hivyo viwili, kilicho kibaya zaidi ndo ukiamini.

Vya kuangalia: anamaliza sentensi kwa pumzi moja au anakata kata? Hesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia unahesabu (akijua atabadilisha), mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20, ikifika 25 na kuendelea hapo kuna kazi. Shingo na mbavu zinavutwa ndani? Amechanganyikiwa, au amelegea kwa namna isiyo yake? Midomo imegeuka kijivu au bluu? Kwa ngozi nyeusi usiangalie uso, angalia ulimi, fizi, na viganja. Kifua kinabana, huyo hata kama ni 100 anaenda.

Watoto wadogo ni habari nyingine, kibanio cha mtu mzima hakikai kwenye kidole cha mtoto mchanga, wao wana vya kwao vya kufunga mguuni. Mtoto anayepumua haraka, mbavu zinazama, hanyonyi, mpeleke, achana na mashine.

Saa za mkononi zinazoonyesha oksijeni ni za kujifurahisha zaidi kuliko za kuamulia mambo, na zile programu za simu zinazodai kupima kwa kamera ndo kabisa usiziguse mgonjwa akiwa ndani.

Ijue namba yako ukiwa mzima

Kama una oksimita nyumbani leo na hakuna anayeumwa, huu ndo wakati wake. Pima kila mtu siku tatu nne, asubuhi na jioni, andika. Utakuta huyu ni wa 98, yule ni wa 96 maisha yake yote. Siku wakiumwa, 94 ya yule wa 98 ni habari nyingine kabisa na 94 ya yule wa 96. Bila hiyo rekodi utakuwa unalinganisha mtu na kitabu.

Anayeumwa mapafu mpime mara mbili tatu kwa siku kwa saa zile zile, na akijisikia vibaya ghafla. Sio kila dakika tano. Nilikuwa hivyo mimi, nimemvisha mgonjwa kile kibanio usiku kucha, kila ikishuka moja naruka, mpaka akaniambia wewe ndo utaniua kwa presha. Kumbuka pia mtu akilala oksijeni hushuka kidogo, hiyo kawaida, ila ikiwa inaporomoka sana na anakoroma huku pumzi inakatika katika, mwambie daktari.

Kwenye daftari weka tarehe, saa, SpO2, mapigo, pumzi kwa dakika, na kama alikuwa kwenye oksijeni ya mashine au hewa ya kawaida, manake 95 akiwa na mpira puani sio 95 ya bila mpira. Betri za akiba weka kwenye hicho hicho kimfuko, betri ikichoka kuna mashine zinaonyesha vituko. Mama mdogo yeye amebandika plasta juu ya mashine akachora mshale, HUKU NDO JUU.

Na ukimpigia daktari usiseme "oksijeni imeshuka". Sema hivi: "Kawaida yake 97, tangu jana jioni ni 94, leo asubuhi 92 na 92, mara mbili, mikono ya joto, bila oksijeni, mapigo 108, anapumua 26 kwa dakika, anakata sentensi." Nesi atakayepokea hatakuwa na cha kuuliza zaidi ya mko wapi na mnakuja na usafiri gani.